Ua la Mara Moja

Mpapai hutoa ua baada ya ua, mchungwa huzaa mwaka baada ya mwaka, na mwembe huweza kuwalisha wajukuu wa mtu aliyeupanda. Mnanasi hauna bahati hiyo. Kila shina la mnanasi limegawiwa shada moja tu la maua. Hulitayarisha kwa muda mrefu, hulitoa mara moja, na likiisha kulitoa halina jingine. Machipukizi yatashika mahali pake, lakini shina lenyewe limemaliza kazi iliyolileta duniani. Kwa mmea wa namna hii, lini ua litoke si swali dogo la majira. Ni swali la maisha yake yote.

Swali hilo halikuachiwa mmea peke yake. Kwa zaidi ya miaka 100 binadamu amejua namna ya kulijibu kwa niaba yake: kwanza kwa moshi, baadaye kwa gesi, na siku hizi kwa dawa za chupa ziitwazo vidhibiti vya ukuaji. Mmea ambao ungalikaa na majani yake matupu mwaka mzima huamrishwa kuchanua, nao hutii. Inafaa kuuliza amri hiyo hufanyaje kazi, humfaidi nani, na humdai nini yule anayeitoa.

Pahali pazuri pa kuliulizia jambo hili ni Igogo. Igogo ni kata ya Jiji la Mwanza, kusini ya katikati ya mji, ambako nyumba zimepanda kilima baina ya majabali makubwa, na Ziwa Viktoria limetandaa chini. Barabara ya Kenyatta hupita hapo kuelekea Mkuyuni, Butimba na Nyegezi, na mbele yake Usagara, penye njia panda ya kwenda Kigongo. Upande wa pili wa maji ni Sengerema, na mbele zaidi ni Geita, nchi zenye sifa ya mananasi. Zamani magari ya matunda yaliyotoka huko yalingoja kivuko baina ya Busisi na Kigongo, na mwenye mzigo alitazama maji huku mananasi yake yakizidi kuiva. Tangu Juni 19, 2025, daraja lenye urefu wa kilomita 3 hivi limeondoa kungoja huko. Lakini kuna kungoja kwingine kusikoondolewa na daraja, nako ni kule kwa shambani, kungoja ua.

Tena Igogo ni mahali ambapo ardhi ni haba. Penye jabali hapachimbiki shimo, na penye udongo pamejengwa. Mtu apendaye maua hupanda katika chungu, katika kopo la rangi lililokwisha, au katika ndoo iliyotoboka. Kwa bustani za namna hiyo hapana mimea inayofaa kuliko minanasi ya mapambo, jamaa wa nanasi ambao hawaliwi bali hutazamwa tu. Mizizi yao ni midogo. Wengi wao wana majani yaliyojipanga kuzunguka kitovu kimoja na kufanya kikombe, na kikombe hicho huweka maji ya mvua ambayo mmea huyanywa kwa majani yake. Mwenye nyumba ana wajibu wa kuyamwaga na kuyabadili maji hayo mara kwa mara, kwa kuwa mbu nao hupenda kikombe hicho. Zaidi ya hilo mmea hautaki mengi.

Ukoo huu ni mkubwa na asili yake ni ya mbali. Aina zake zapita 3,000, na zote ni za Marekani ya kati, ya kusini na nchi za jirani, isipokuwa moja tu iliyozaliwa Afrika Magharibi, katika miamba ya Guinea. Nanasi lenyewe lilionwa na Columbus katika kisiwa cha Guadeloupe mwaka 1493. Wareno walilichukua na kulisambaza katika pwani za dunia, wakalichukua pamoja na jina lake, ambalo Wahindi wa Brazil walikuwa wakilitumia kabla ya merikebu yoyote kutia nanga kwao. Kwa hiyo mtu wa Igogo anaposema nanasi, ametamka neno lililosafiri mwendo mrefu kuliko tunda alilolishika mkononi.

Sasa itazamwe tabia ya mmea huu. Katikati ya majani, chini kabisa, ipo ncha ya shina, ndogo kuliko punje ya mtama. Kwa miezi mingi ncha hiyo haifanyi jambo ila kutoa majani, moja baada ya jingine. Halafu siku moja huacha. Huanza kutoa maua. Shina lililogeuka hivyo halitatoa shada jingine. Katika mnanasi wa kuliwa hutokea shada la maua madogo ya zambarau, kati ya 100 na 200 katika shada kubwa, ambayo huchanua kutoka chini kwenda juu, kila moja kwa siku moja tu. Yote huungana yakawa tunda moja, na kila jicho lionekanalo juu ya ganda la nanasi ni kumbukumbu ya ua moja. Katika minanasi ya mapambo yale mekundu au ya rangi ya waridi ambayo watu huyaita maua ni majani ya shada, nayo hudumu miezi kadhaa. Maua yenyewe ni madogo na hupita upesi.

Ni nini huiambia ncha ya shina kwamba saa imefika? Umri una sehemu yake, maana mmea mchanga hausikii wito. Baada ya umri huja usiku wa baridi na siku fupi. Katika nchi za mbali na ikweta dalili hizi ni wazi, lakini Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini ya ikweta. Tofauti ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote haifiki nusu saa. Baridi ya Juni na Julai ipo, lakini ni ya upole, mmea mmoja huisikia na jirani yake haisikii. Ndiyo sababu katika shamba moja lililopandwa siku moja mtu huona mnanasi huu una tunda, ule una ua, na wa tatu una majani tu, kama wanafunzi waliopigiwa kengele moja wakafika kila mmoja kwa saa yake. Na katika kibaraza cha Igogo chungu kimoja chaweza kukaa kijani miaka miwili au mitatu, kizuri, kinene, na bubu.

Siri ya kuufumbua ububu huo haikugunduliwa na mwanachuoni. Katika kisiwa cha São Miguel, katika Azores, Wareno walilima mananasi ndani ya nyumba za vioo. Huko, katika karne ya 19, iligunduliwa kwamba minanasi iliyopata moshi ilichanua kabla ya wakati wake na kwa pamoja. Tangu siku hizo wakulima wa kisiwa hicho hufukiza mashamba yao ya vioo kwa makusudi. Kwa muda watu walidhani joto ndilo lililofanya kazi hiyo, lakini lilikuwa jambo jingine lililofichwa katika moshi wenyewe.

Mwaka 1901 Dimitri Neljubow, huko St Petersburg, alieleza kwamba katika gesi iliyokuwa ikiwasha taa za mji mlikuwa na kitu kilichoipinda miche ya njegere, nacho ni ethilini, gesi isiyo na rangi, yenye atomi mbili za kaboni na nne za hidrojeni. Mwaka 1932 A. G. Rodríguez wa Puerto Rico alionyesha kwamba ethilini peke yake, bila moshi, hulichanusha nanasi. Mwaka 1934 Richard Gane, Mwingereza, alithibitisha kwamba matunda yanayoiva hutoa gesi hiyo hiyo kwa nafsi yake. Hapo mambo yakageuka. Kile kilichodhaniwa kuwa hila ya mtu juu ya mmea kilikuwa ni lugha ya mmea wenyewe. Hata ule usiku wa baridi hufanya kazi yake kwa kuuchochea mnanasi kutengeneza ethilini ndani yake. Anayefukiza moshi huigiza tu sauti ambayo mmea ungalijisemea.

Wenyeji wa nchi za maziwa hawana haki ya kustaajabu sana, kwa sababu jambo hili limo katika lugha yao. Kiswahili kina neno kuvundika, yaani kuyafunika matunda mabichi pamoja ili yaive. Mwenye kuvundika ndizi huzifukia, huzifunika kwa majani, na penginepo huzitia moshi. Hakujua jina la ethilini, lakini alijua kwamba pumzi ya tunda bivu huwaivisha wenziwe, na kwamba pumzi hiyo ikiachwa wazi huchukuliwa na upepo. Tofauti ni moja: katika ndizi pumzi hiyo huivisha tunda lililokwisha kuwako, na katika mnanasi huita ua ambalo bado halijakuwako. Kuvundika tunda ni kumalizia kazi. Kuvundika mmea ni kuianzisha.

Kwa sababu hiyo mwenye chungu kimoja hahitaji duka la dawa. Huyamwaga maji yaliyo katika kikombe cha majani, huweka ndizi mbivu mbili tatu kando ya mmea, na kuvifunika vyote pamoja kwa muda wa wiki moja hivi, kivulini, maana mmea uliofunikwa juani hupikika. Vitabu vya kigeni husema utumike mfuko wa plastiki. Lakini mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, na ndoo kubwa iliyofudikizwa hufanya kazi hiyo bila kuvunja sheria. Kisha mmea hufunuliwa na kutunzwa kama zamani. Baada ya wiki 6 hadi 14, kwa kadiri ya aina yake, rangi huanza kuonekana katikati ya majani.

Mwenye shamba hawezi kufunika kila mche kwa ndoo. Yeye hutumia ethefoni, dawa iliyotangazwa kwa kazi hii ya nanasi katika miaka ya 1960. Ni maji yenye asidi. Maadamu yana ukali wake hukaa salama katika chupa, lakini yakiingia katika utomvu wa mmea, ambao ukali wake ni mdogo, huvunjika na kuachia ethilini. Mkulima huichanganya na maji mengi, aghalabu pamoja na mbolea ya urea kidogo ili dawa iingie vizuri, na hunyunyiza jioni au usiku. Saa hiyo haikuchaguliwa kwa uvivu wa mchana. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake wakati wa jua, lakini mnanasi huvifungua usiku ili usipoteze maji, na dawa ya adhuhuri hubisha mlango uliofungwa. Wengine hutumia asetilini, gesi ya wachomelea vyuma, ambayo si ethilini lakini mmea huipokea kana kwamba ndiyo. Huipata kwa kutia maji katika madonge ya kabaidi. Njia hii ni rahisi na ya hatari: gesi hiyo hulipuka ikikutana na moto, na kabaidi ya kiwandani huweza kuwa na uchafu wa sumu. Mwenye watoto na jiko la mkaa katika ua mmoja mwembamba hana sababu ya kuileta nyumbani.

Hayo ndiyo matendo. Maana yake ni nini? Watu wengi huiita dawa hii chakula cha ua, na hapo ndipo wanapokosea. Ethilini haiupi mmea kitu chochote. Haina sukari, haina mbolea, haina maji. Ni amri tu, na amri yenyewe ni hii: tumia ulichonacho. Mmea ulioweka akiba kubwa katika majani na shina hutoa shada kubwa. Ulioweka kidogo hutoa kidogo. Katika nanasi hesabu hii ni kali kupita kiasi, kwa kuwa idadi ya macho huamuliwa katika siku zile ambazo ncha ya shina inageuka. Mvua njema ya baadaye yaweza kulinenepesha kila jicho, lakini haiwezi kuongeza hata jicho moja. Kwa hiyo wakulima husubiri mche ufike yapata mwaka mmoja na kupita majani 30 kabla ya kuunyunyizia. Anayenyunyiza mche wa majani 15 atapata tunda, na atalipata mapema, nalo litakuwa dogo, na shina lililotoa tunda hilo dogo halitapewa nafasi ya kujisahihisha.

Hapo methali mbili zinazogombana katika vinywa vya watu hupatanishwa. Mmoja husema haraka haraka haina baraka, na mwingine hujibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Wasikilizaji hudhani mmoja lazima awe mwongo. Wote wawili ni wakweli, ila kila mmoja ana saa yake. Kabla ya majani kutimia, wa kwanza ndiye wa kusikilizwa. Baada ya kutimia, wa pili ndiye mwenye haki, maana mmea uliokamilika na kuachwa bila wito hula maji na mbolea ya mwenyewe pasipo faida. Elimu ya mkulima si kuchagua methali moja na kuitupa nyingine. Ni kuyahesabu majani.

Faida ya elimu hii kwa mwenye shamba haina shaka. Minanasi iliyochanua yenyewe katika baridi ya katikati ya mwaka huzaa karibu na mwisho wa mwaka, yote kwa pamoja na ya jirani zake wote, na tunda lililojaa sokoni halina heshima. Januari hufika na sare, madaftari na michango ya shule, na fedha ya mananasi imekuwa ndogo kwa sababu kila mtu alikuwa nayo. Tena upo mwezi wa Ramadhani, ambao watu hutaka matunda ya kufuturu kuliko miezi mingine. Ramadhani hufuata mwezi wa mbinguni, na kila mwaka husogea nyuma siku 10 au 11. Mnanasi haujui kalenda hiyo. Ajuaye kuhesabu miezi sita hivi kutoka dawa hadi tunda huweza kuzipatanisha kalenda mbili ambazo haziwezi kupatana zenyewe. Huko si kuikosea heshima tabia ya mmea. Ni kuitumia, kama jahazi linavyoutumia upepo ambao halikuuumba.

Jambo la minanasi ya mapambo ni gumu zaidi, kwa maana hapo hapana tunda la kupima kosa. Katika biashara ya maua ya Ulaya mimea hii huamrishwa kwa zamu, ili kila wiki ya mwaka pawe na vyungu vyenye rangi. Mnunuzi hununua rangi. Hauliwi mmea, wala haupimwi kwa mizani. Mche uliochanushwa mchanga na mche uliotimia hupendeza wote siku ya kwanza. Tofauti huonekana baadaye, katika shada lililopungua na machipukizi yaliyo dhaifu, wakati ambapo fedha imekwisha badili mikono.

Na afikiriwe mama mmoja wa Igogo anayepanda vyungu kibarazani na kuviuza kwa wapita njia. Chungu cha majani matupu hukaa wiki nyingi bila kuulizwa bei. Chungu chenye ua huondoka siku ile ile. Ana ndizi jikoni na ana ndoo. Nani atamlaumu akifunika? Hapana wa kumlaumu, ikiwa majani yametimia na ikiwa atasema neno moja wakati wa kuuza. Neno hilo ni kwamba ua hili ndilo la mwisho la shina hili. Mnunuzi asiyeambiwa ataliona ua likinyauka, ataona majani ya mama yakianza kufa, atadhani amekosea maji au jua, na mwishowe atautupa mmea wote jalalani pamoja na watoto wake. Aliyeambiwa hungoja. Machipukizi yakifika theluthi au nusu ya urefu wa mama yao huyakata na kuyapanda, na kwa fedha ya chungu kimoja amepata viwili au vitatu.

Neno hilo moja halimpunguzii muuzaji kitu isipokuwa mnunuzi mwepesi wa hasira, na humwongezea yule atakayerudi. Lakini thamani yake haimo katika faida. Anayeuamuru mmea utumie akiba yake yote amejitwalia uwezo mkubwa juu ya kiumbe kisichoweza kukataa. Ni haki basi kwamba asitoe amri hiyo kabla ya kuihesabu akiba, na kwamba asiwafiche wengine gharama ambayo yeye mwenyewe anaijua.

Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno mengi mno kwa ajili ya chungu cha maua. Yamkini ni kweli. Lakini uwezo wa kuharakisha mambo unazidi kila mwaka, katika shamba, katika shule na katika nyumba za watu, na si kila kiharakishwacho kina majani ya kuhesabika. Nanasi angalau linayaonyesha yake waziwazi. Anayejizoeza kuyahesabu hapo, penye kosa la bei ndogo, huenda akakumbuka kuhesabu pale ambapo kosa halina chipukizi la kulifidia.